Sentimita Mbili Mlangoni pa Nyoka

Kwenye basi la kampuni, likitoka Industrial Area ya Doha mchana kuelekea mjini, kuna swali ambalo halijawahi kukosa mtu wa kuliuliza. Hizi familia zinazojaa kwenye uwanja wa michezo kila wiki, baba, mama, watoto wanne na nyanya yao, leo bembea, mwezi ujao meli ya kitalii pale bandari ya zamani, hupata wapi pesa? Mmoja atasema mafuta. Mwingine atasema mikopo. Bishano litapamba moto mpaka dereva aongeze sauti ya redio. Millicent, ambaye hukaa kiti cha nyuma ya dereva, aliacha kubishana zamani. Yeye jibu analo, na alilipata kwa kumkatalia mtoto wa watu.

Millicent ni mzaliwa wa Oyugis, ana miaka thelathini na minne, na kazi yake ni kusimama mlangoni pa Nyoka. Nyoka silo jina lililoandikwa kwenye mabango, ni jina la wafanyakazi tu, lakini linakifaa kile chombo: msururu wa vigari juu ya reli, unapanda hadi karibu na paa la jengo la uwanja, unaporomoka, unajipindua kichwa chini miguu juu, na kurudi na watu waliopotewa na sauti. Sheria yake ni moja. Asiyefika sentimita mia moja na ishirini hapandi. Pembeni mwa mlango pana nguzo yenye kibao kinachoteremshwa hadi kichwani, na hapo ndipo Millicent alipojijengea jina.

Ameona wazazi wa kila taifa na wa kila ujanja. Ameona waliojaza karatasi ndani ya viatu vya watoto, waliowanong'oneza wasimame kwa vidole, waliowafunga mabinti zao nywele zikawa kilima. Kibao cha Millicent hakipumziki juu ya nywele. Hukandamiza mpaka kigote kwenye fuvu. Kuna bwana mmoja mwenye hasira alimwita msimamizi, msimamizi akaja, akampima mtoto mwenyewe, akakuta amepungua, akaenda zake. Tangu siku hiyo wenzake humwita Madam Kipimo, na yeye hajifanyi kuchukia.

Mtoto aliyemletea jibu anaitwa Lenny. Alipungukiwa urefu wa vidole viwili, akalia, na Millicent akajiandaa kutukanwa kama kawaida. Badala yake mama yake akamwambia asante, tena kwa Kiswahili. Alikuwa Kawira, nesi kutoka Meru, na alikuwa amekwisha kuwafunga bandeji watoto wengi walioruhusiwa kupanda wasivyopaswa kupanda. Urafiki wao ulianzia hapo. Baada ya miezi michache Millicent alikuwa amekaa sebuleni kwa Kawira, mtaa wa Najma, anakula chapati na kuuliza lile swali la kwenye basi, kwa sababu familia hii aliiona uwanjani karibu kila mwezi, na majira ya baridi ilikuwa imepanda hata meli.

Kawira alicheka. "Unadhani tuko na pesa? Millie, hatuna gari. Bwanangu Maurice anaenda job na metro. Nyumba ndiyo hii, chumba na sebule. Ile kadi ya mwaka tulinunua wakati wameshusha bei, na tukikuja tunakula chapati zetu nje kabla ya kuingia. Hata meli, tulichukua kijichumba hakina dirisha, wiki ya mwisho, wakati wanatafuta watu wa kujaza. Sasa mtoto akilala, dirisha ni ya nini?"

"Na nyumbani hamjengi?"

"Tutajenga. Ukuta utaningoja." Alimwonyesha Lenny kwa kidevu, aliyekuwa amelala sakafuni akichora. "Huyu hatangoja."

Millicent alirudi na maneno hayo kwenye chumba anacholala na wenzake watano, na hayakumwacha. Binti yake, Chelsea, alikuwa na miaka sita. Alimwacha akiwa na mitatu, mikononi mwa nyanya yake, Mama Perpetua. Baba yake Chelsea ni habari fupi na hapa si mahali pake. Mtoto alimjua mama yake kama uso ulio ndani ya simu, uso unaoganda mtandao ukisumbua. Na Millicent kila siku alikuwa akiwafungia mikanda watoto wa dunia nzima, akiwaambia wasiogope, hali wake hajamfunga hata kamba za viatu kwa miaka mitatu.

Basi akaamua. Chelsea angekuja Doha, na angepanda Nyoka.

Namna alivyofanya haikuwa na siri. Kampuni humpa kila mfanyakazi tiketi moja ya likizo kwa mwaka. Millicent aliomba yake imlete mtoto badala ya kumpeleka yeye, akakubaliwa. Ya Mama Perpetua aliilipia mwenyewe, kwa kuishi mwaka mzima na simu yenye kioo kilichopasuka na kwa kupika mchele wakati wenzake wanaagiza kuku. Wafanyakazi wote hupewa pasi za familia za kuingilia uwanjani, na wengi huwagawia watu kwa sababu familia zao ziko mbali. Zake alizifungia kwenye sanduku. Mahali pa kulala palipatikana kwa Kawira: kila siku yake ya mapumziko Millicent aliwalinda watoto Najma ili Kawira aingie zamu, na Kawira akamwambia sebule ni yake wakati wowote atakapoihitaji.

Kaka yake, Job, alipopata habari alipiga simu kutoka Oyugis. "Nyumba iko na ukuta bila mabati, na wewe unaleta watu kubembea?" Millicent alimwambia mabati hayajawahi kuuliza mama yao yuko wapi. Job akakata simu.

Ikabaki sentimita tu. Kila Jumapili Mama Perpetua, ambaye alishona sare za shule kwa miaka ishirini, alimsimamisha Chelsea mlangoni pa jikoni mbele ya kamera ya simu, akachora mstari kwa chaki na kunyoosha utepe wake wa kushonea. Mia moja kumi na tano. Mia moja kumi na sita na nusu. "Nimefika?" Chelsea aliuliza kila wiki, na kila wiki Millicent alimwambia bado kidogo. Mtoto alikuwa amelitangazia darasa zima. Wiki mbili kabla ya safari Mama Perpetua alisema kwa sauti kubwa, utepe ukiwa mbali na kamera, "Mia moja na ishirini! Leteni ndege."

Wakaja. Sitaki kueleza jinsi walivyokumbatiana kule uwanja wa ndege, kwa kuwa Chelsea hakumkumbatia mtu. Alisimama nyuma ya nyanya yake, akamtazama Millicent kama mtu anayelinganisha picha na mwenyewe. Ilimuuma Millicent, akaimeza. Alijiambia kuwa Nyoka atamaliza yote. Wakishuka pamoja kwenye kile kigari, wakiwa wamepigiana kelele mpaka basi, mtoto atajua huyu ndiye.

Asubuhi ya siku yenyewe, ambayo Millicent alikuwa mapumzikoni, Mama Perpetua aliamka mapema akamsuka Chelsea kwa uzi mweusi. Mikia yote aliipandisha utosini, akaifunga, ikasimama. Millicent aliitazama akaona uzuri. Alipiga picha sita. Yule mwanamke ambaye mtu hawezi kumpitishia hata soksi mbili alimshika mwanawe mkono akatoka naye, na hakuona kitu kingine kichwani pale isipokuwa kazi nzuri ya mama yake.

Mlangoni pa Nyoka siku hiyo alikuwa Shamira, Mganda ambaye Millicent ndiye aliyemfundisha kazi. Foleni haikuwa ndefu. Mbele yao baba mmoja alikuwa amekataliwa mwanawe, na alikuwa bado amesimama kando, mkono begani mwa mtoto, akitazama. Alimjua Millicent. Alimwona hapo kila alipokuja.

Chelsea akaingia chini ya nguzo. Shamira akateremsha kibao polepole, akakiacha kitue juu ya nywele. Mia moja ishirini na mbili.

"Nyabo, huyu amefika," alisema, akimwita Millicent bibi kwa Kiganda na kumtazama yeye, siyo mtoto. "Apite."

Hapo ndipo Millicent alipoona. Hakuona nywele tu. Aliona utepe uliokuwa mbali na kamera, aliona sauti ile kubwa, aliona mama yake nyuma akitazama viatu vyake. Mwaka mzima ulikuwa kwenye ile foleni. Ulikuwapo mchele, kioo kilichopasuka, na mtoto ambaye hajamwita mama tangu afike. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na hata kunyamaza kwenyewe angesaidiwa, maana Shamira alikwisha kufungua lango.

Akapita mbele, akashika kibao mwenyewe, akakandamiza. Uzi ukalala. Kibao kikagota.

Mia moja kumi na nane.

"Hujafika," alisema. Sauti yake ilikuwa ileile anayowatolea watu wote, na alishangaa kuisikia.

Chelsea alilia kwa namna ya kuwageuza watu vichwa. Alimwambia mama yake kwamba alisema, kwamba aliahidi, kwamba ni yeye mwenye hiyo mashine. Yule baba wa kando aliangalia kidogo, kisha akamshika mwanawe mkono akaondoka, na safari hii hakuwa na manung'uniko. Millicent alipiga magoti palepale mbele ya foleni, akamwambia mwanawe kwamba kile chuma kinachofunga kifuani kimetengenezwa kwa kifua kilichofika, na kisichofika kinaweza kuteleza. Sijui kama mtoto alisikia neno.

Mama Perpetua aliungama wakiwa wamekaa kwenye benchi na barafu za kulamba zilizokuwa zinayeyuka. "Mimi ndiye nilidanganya," alisema. "Nilitaka mtoto afurahi. Na wewe pia. Umefanya kazi sana, nyara, binti yangu."

"Najua, Mama," Millicent alisema. Hakukasirika. Angekasirikaje, wakati yeye mwenyewe alikuwa amepiga picha sita.

Walipanda vile vingine vyote, farasi wa kuzunguka, vikombe, mashua ya mtoni. Chelsea alipanda kila kimoja akiwa amenuna, jambo ambalo si rahisi juu ya farasi wa kuzunguka. Ni jioni, ndani ya metro wakirudi Najma, ndipo aliposema neno.

"Wewe unakatazanga watoto wote hivyo?"

"Wote."

"Hata wa matajiri?"

"Hata wao. Kuna mmoja babake aliita bosi wangu."

"Bosi akasema nini?"

"Akapima. Akaenda zake."

Chelsea akajisogeza, akaegemeza kichwa chake chenye uzi uliolala kwenye mkono wa Millicent, na akalala usingizi. Millicent hakuusogeza mkono mpaka mwisho wa safari, ingawa ulikufa ganzi. Alikuwa na furaha ambayo hakuitegemea, na alikuwa na fahari, nami sioni kwa nini nisiseme.

Mwaka uliofuata alifanya yaleyale. Tiketi ikamleta mtoto tena, mchele ukapikwa tena, nyumba ya Oyugis ikakaa tena bila mabati. Safari hii Chelsea alikuja na Kawira, aliyekuwa akirudi kutoka likizo, pamoja na barua zote za ruhusa. Mama Perpetua alipiga simu kabla ndege haijatua, amechafukwa. Eti mtoto amekwenda mwenyewe kwa kinyozi wa wanaume pale sokoni, akakaa kwenye kiti, akamwambia atoe zote. Eti alipoulizwa sababu alisema ni ya kazi.

Millicent hakuomba mapumziko siku ya kupanda Nyoka. Ni Chelsea aliyekataa. Alisema anataka kumkuta mlangoni.

Basi akamkuta. Alisimama kwenye foleni na Kawira, nyuma ya familia moja kubwa, akasubiri zamu yake bila kupunga mkono. Ilipofika akavua viatu bila kuambiwa, akaviweka kando, akaingia chini ya nguzo na kile kichwa chake kisicho na unywele, kinachong'aa, akanyoosha shingo.

"Pima," alisema.

Millicent akateremsha kibao. Hapakuwa na cha kukandamiza. Kikagota kwenye fuvu, mia moja ishirini na tatu, na Shamira, aliyekuwa kwenye vitufe vya kuendeshea, akageuka kuangalia ukuta.

"Umefika," Millicent alisema. "Vaa viatu. Kiti cha mbele."

Alimfuata hadi kwenye kigari, akamteremshia chuma kifuani. Utaratibu unasema chuma kinavutwa mara mbili kuhakikisha kimefunga. Alikivuta mara ya kwanza, kikashika. Alikivuta mara ya pili, kikashika. Akakishika tena.

"Mara mbili inatosha, Mum," Chelsea alisema. "Kuna watu wanangoja."

Millicent akaachia, akarudi nyuma ya mstari wa njano, akamwinulia Shamira kidole gumba. Nyoka akaondoka.