Mvumo wa Sikio la Kushoto

Kabla sijakubali kwamba sikio langu lina kasoro, nilikuwa nimeshamshtaki jirani yangu wa juu kwa msimamizi wa jengo.

Tunaishi mtaa wa Pipeline, kwenye ghorofa ambalo ukipiga chafya jikoni mtu wa nyumba ya pili anakuambia pole. Kwa hiyo mvumo ulipoanza, sikukosa wa kumshuku. Ilikuwa Jumapili alasiri, tumetoka kanisani, nimejinyoosha kwenye kochi. Nikasikia kitu kinanguruma chinichini bila kupumzika, kama pampu ya maji iliyofichwa nyuma ya ukuta. Nilimwambia mke wangu. Alizima redio, akasikiliza, akasema yeye anasikia watoto wakicheza kwenye ngazi, basi. Nikamjibu kwa upole kwamba sikio la mtu wa kawaida haliwezi kunasa mambo kama hayo.

Sina budi kueleza kiburi hicho kilitoka wapi. Riziki yangu naipata kwa kuuza rangi katika duka la vifaa vya ujenzi, lakini mimi ndiye kiongozi wa kwaya ya kanisa letu, na kwa sababu hiyo watu huniita Mwalimu. Wananiita hivyo kanisani, sokoni, hata kwa kinyozi, nami sijawahi kumsahihisha yeyote. Sifa yangu kubwa ilikuwa kwamba sihitaji kinanda. Nikiinamisha kichwa kidogo na kufumba macho, noti inakuja yenyewe, naitoa, na sauti zote nne zinaichukua kutoka kwangu. Hiyo ya kufumba macho haikuwa ya lazima, lakini waumini waliipenda.

Mtu mwenye sikio la aina hiyo hakubali kuambiwa kwamba anasikia pampu isiyokuwepo. Nilipeleleza jengo zima. Niliweka sikio ukutani, kwenye mabomba, kwenye sakafu, na siku moja nikapanda juu ya stuli nikaliweka darini. Hapo nikawa na hakika: kelele ilitoka juu, kwa mama anayechuuza soksi kule Majengo. Nilimwambia msimamizi wa jengo kwamba mama yule ameweka mashine ya aina fulani ndani ya nyumba. Msimamizi aliniambia niende nikazungumze naye kwanza kama majirani.

Nilienda nikiwa nimevaa shati la kanisani ili uzito wa jambo uonekane. Yule mama alinisikiliza mlangoni hadi nikamaliza, kisha akanikaribisha ndani. Hakuwa na friji, hakuwa na cherehani. Palikuwa na kitanda, jiko la gesi na magunia ya soksi yaliyopangwa hadi karibu na dari. Alifunga dirisha, akafunga mlango, akaniketisha juu ya gunia, tukanyamaza wote wawili. Chumba chenye soksi nyingi namna ile kinameza kila sauti. Na ndani ya ule ukimya, pampu yangu ikanguruma kwa nguvu kuliko siku zote.

"Bado unaisikia, Mwalimu?" akaniuliza.

Nikamwambia naisikia.

"Basi hiyo umekuja nayo."

Hakulisema kwa ubaya. Alinipa hata jozi moja ya soksi nilipokuwa natoka, nadhani kwa kunihurumia. Niliteremka ngazi polepole sana, kwa maana nilikuwa nimebeba mashine ambayo nilikuwa nimekwenda kuikamata.

Baada ya siku chache mvumo ulipata mwenzake. Sikio la kushoto likawa limejaa, kama vile mtu ameingiza kidole ndani na kukisahau. Nilipozungumza, sauti yangu ilinirudia kichwani kama ya mtu aliye ndani ya tangi. Nikimeza mate kitu kinalia kwaa, kinafunguka kidogo, kisha kinaziba tena. Nikawa mtu wa kumeza mate. Nilitafuna chingamu kutwa, pamoja na ibadani, mpaka mzee mmoja wa kanisa akamuuliza mke wangu kama nimeanza kutafuna miraa.

Mtu fulani alinishauri nibane pua na kupuliza mdomo ukiwa umefungwa, eti hewa itasukuma sikio lifunguke. Ushauri huo una maana yake, ila unahitaji mtu aangalie yuko wapi. Nilikuwa dukani, nimebana pua, mashavu yamevimba, macho yamenitoka, nilipogundua kwamba mbele yangu amesimama fundi wa mabomba aliyetoka moja kwa moja kuzibua choo cha watu. Alinitazama. Alijitazama nguo. Nilijaribu kumweleza habari za sikio, lakini tayari alikuwa ameweka chini kopo la gundi alilotaka kununua na kutoka. Mwenye duka aliniomba niwe nalifanyia sikio langu mazoezi kule nyuma, kwenye simiti.

Mama mkwe alipopata habari alipiga simu kutoka Murang'a na kuagiza mafuta ya vuguvugu yenye kitunguu saumu. Nilitiwa sikioni. Kwa muda wa wiki moja nilivuma kama awali, ila sasa nilinukia kama mchuzi. Mwanakwaya mmoja wa sauti ya kwanza aliyekuwa akisimama karibu nami alihamia mwisho wa mstari.

Hapo ndipo nilipokwenda kliniki ya mtaani. Daktari kijana alichungulia kwa kitochi chake, akasema ni nta. Nilifurahi sana. Nta ni ugonjwa wa heshima, unaingia na kutoka. Alinipiga maji ya vuguvugu sikioni kwa bomba la sindano, na kilichotoka kiliangukia kwenye kibakuli kwa mlio, nikaomba nikione, nikakitazama kwa fahari ya mzazi. Nilitoka nje nikiwa nasikia kila kitu: wauza mboga, pikipiki, mhubiri wa barabarani. Na nyuma yao wote, safi kabisa, bila kizuizi cha nta, nikausikia mvumo wangu. Alichokuwa amenifanyia yule daktari ni kunifungulia mlango ili niusikilize vizuri.

Niliporudi alinipa vidonge vya kuua viini. Niliporudi tena alisema labda ni mzio, akanipa dawa ya kunyunyiza puani. Nilipokwenda mara nyingine alinitazama jinsi mimi ninavyomtazama mteja anayerudisha rangi aliyokwisha kuifungua, kisha akaniandikia barua ya kwenda kwa daktari wa masikio katika hospitali kubwa ya serikali.

Nafasi yangu ilikuwa mbali, na katika kusubiri nikafanya kosa la kuuliza simu. Simu ilianza na nta, ikapita kwenye shinikizo la damu, ikanifikisha kwenye uvimbe wa ubongo kabla sijamaliza chai. Nilimwita mke wangu nikamketisha. Nilimweleza kwa utulivu kwamba endapo lolote litatokea, ningependa kwaya iimbe bila kinanda, na kwamba suti ya kijivu ndiyo ninayoipendelea.

"Suti ya kijivu haikuingii," alisema. "Umekula?"

Sikuwa nimekula. Alinipakulia githeri na akaketi akinitazama nikila, na niliona kwamba hakuwa akicheka. Alisema tutakwenda pamoja hospitalini, na kwamba simu itabaki kwake hadi siku hiyo. Nilimpa. Kwa kweli nilikuwa naogopa, na mtu akiogopa huku kichwa chake kinanguruma hana mahali pa kukimbilia palipo kimya. Mchana nilikuwa nawasha feni dukani hata siku za baridi ili nipate kelele nyingine ya kusikiliza.

Siku ilipofika tulikaa kwenye benchi na watu wengine wa masikio, kila mmoja akiinama kuelekea kwa muuguzi na kusema "eeh?" Niliingizwa ndani ya kibanda kidogo kisichopitisha sauti, nikavishwa hedifoni, nikapewa kitufe. Mpimaji, dada mmoja mpole, alinieleza kwamba kila nikisikia mlio, hata uwe mdogo kiasi gani, nibonyeze. Nikajiambia, hapa sasa watajua wamempata nani. Nilifumba macho. Nilibonyeza kwa ufundi, nikabonyeza milio mikubwa na midogo, nikabonyeza ile ya mbali kabisa ambayo nilidhani hakuna mgonjwa mwingine aliyewahi kuifikia. Mlango ukafunguliwa.

"Mzee," yule dada akasema, "sijaanza."

Tulirudia. Mke wangu, aliyekuwa nje akitazama kupitia kioo, aliangalia pembeni kwa heshima.

Daktari mwenyewe alikuwa mama wa makamo, hana haraka. Alinichungulia masikio, pua na koo, akagonga vyuma vinavyolia kando ya kichwa changu, akanipeleka kupigwa picha ya kichwa, na baada ya majuma kadhaa tukarudi kusikia majibu. Alitwambia kwamba hakuna uvimbe. Mke wangu alishusha pumzi. Sikio la kushoto, daktari aliendelea, limepoteza sehemu ya usikivu wa sauti za juu, na kile kijia kinachounganisha sikio na koo hakifunguki inavyopasa. Hilo linaweza kueleza ule ujazo. Mvumo unaweza kuwa ni ubongo unaojaribu kujaza kilichopotea.

Nilimuuliza chanzo chake ni nini.

"Sijui," alisema. "Naweza kukupa majina mazuri, lakini ukweli ni kwamba sijui. Najua tu kwamba si kitu cha kukuua. Tutaendelea kukuangalia."

Ni aibu kukiri kwamba, pamoja na shukrani zangu zote kwa Mungu, nilivunjika moyo kidogo. Nilikuwa nimejiandaa kwa jambo kubwa. Nilikuwa nimeshasamehe watu.

Tukiwa njiani kurudi nilimwambia mke wangu kwamba kuna neno moja la daktari linalonisumbua: sauti za juu. Kama sizisikii sawasawa, je, noti ninazotoa kwaya? Yeye huimba sauti ya pili, husimama mstari wa mbele karibu na mkono wangu wa kushoto.

"Zimekuwa zikishuka," alisema. "Tangu Pasaka hivi."

Nilimuuliza kwa nini basi kwaya haijaharibika. Akanieleza. Mimi nikishafumba macho na kutoa noti yangu, yeye huvuma noti iliyo sawa, midomo imefungwa, kwa sauti ndogo ya kuwafikia wenzake tu. Wanaichukua kwake. Kwaya nzima ilijua. Walikubaliana wasinivunjie heshima nikiwa mgonjwa. Kwa miezi hiyo yote nilikuwa nikisimama mbele ya watu hawa, nimefumba macho, nikipunga mikono mbele ya kwaya iliyokuwa ikiongozwa na mke wangu.

Jumamosi hiyo nilisimama mbele yao mazoezini, nikawaambia yote aliyosema daktari, na kwamba najua habari ya noti. Nilidhani watainamisha vichwa. Badala yake nilisikia kitu kama pumzi ya watu waliotua mzigo, na wa sauti ya kwanza wakaanza kucheka, na mimi nikacheka nao kwa sababu sikuwa na njia nyingine ya kusimama pale. Nikamgeukia mke wangu nikamwomba noti mbele ya watu wote. Aliitoa. Ilikuwa juu sana kuliko yangu, nikashtuka jinsi nilivyokuwa nimeteremka. Tangu hapo ndivyo tunavyofanya, na nafumbua macho.

Mazoezi yalipokwisha, mwanakwaya mmoja mzee wa sauti ya nne, aliyefanya kazi reli hadi alipostaafu, alinivuta kando. Alitazama huku na huku.

"Hiyo kelele yako inaliaje?" akaniuliza.

Nilimweleza. Akatikisa kichwa, akasema yake ni kama sufuria inayokaribia kuchemka, na ameishi nayo miaka mingi bila kumwambia mtu, hata mkewe. Tulikwenda soko la Burma, kwenye vibanda vya nyama, tukaagiza supu. Tuliketi bega kwa bega tukilinganisha. Alidai ya kwake hupanda siku za mvua. Nikadai yangu hupanda nikila chumvi nyingi. Alisema yake huwa na filimbi juu yake, nikaona wivu, nikaiongezea ya kwangu chumvi kidogo, nikasema wakati mwingine hudunda. Alikuwa akiniuliza kila jambo mara mbili, nami vilevile, mpaka tukagundua tumeketi kila mmoja amemwelekezea mwenzake sikio bovu. Tukainuka na bakuli zetu, tukabadilishana viti.