Tando Zilizofungwa Kinyume

Marehemu mume wangu, Gitau Njenga, hakusimamishwa kazi kwa uzembe. Wanaosema hivyo hawajawahi kukanyaga kiwanda kile cha Wetherill Park. Mimi nilifua ovaroli zake miaka tisa, na kazi yake alinieleza kila jioni mezani, nyumbani kwetu St Marys, huku ughaibuni.

Kiwanda kilisafisha maji yaliyooshewa matunda. Maji machafu hupita upande mmoja wa utando mwembamba, maji ya chumvi kali upande wa pili. Chumvi huvuta maji safi kupenya utando, uchafu ukabaki nyuma. Kasi hutegemea ukali wa chumvi, joto la maji na mwendo wake. Hutegemea pia upande uliogeuziwa uchafu. Uso mmoja wa utando ni laini, wa pili una vitundu kama sifongo. Ule laini ndio unaopaswa kukutana na uchafu. Ili asikosee, Gitau alichora mstari mwekundu kwenye ukingo wa uso laini wa kila utando kabla ya kuufunga.

Julai 2021 tulikuwa tumefungiwa majumbani, ila kiwanda kiliendelea. Mtu mmoja wa zamu yake alipatikana na korona, naye Gitau akaamriwa kukaa ndani wiki mbili. Katika siku hizo tando zilibadilishwa na mtu mwingine.

Aliporudi alikuta meneja anachekelea, maji yanapita kwa kasi kuliko zamani. Kumbe hivyo ndivyo inavyokuwa sifongo ikikutana na uchafu: mwanzoni maji hukimbia, kisha vitundu huziba kwa ndani, na hata ukiosha havizibuki. Wiki haikuisha, mtiririko ukaanguka. Meneja akaagiza chumvi zaidi, kisha maji ya moto, kisha pampu iongezwe mwendo. Haikusaidia. Gitau akafungua mtambo. Hakuona mstari mwekundu hata mmoja; haikuwa kazi ya mkono wake. Tando zote zilikuwa zimefungwa kinyume, zimeharibika.

Aliandika hivyo daftarini, akatia sahihi. Meneja alipouliza ni nani aliyezifunga, alijibu, "Msimamizi wa zamu ni mimi." Akasimamishwa kazi siku hiyo hiyo.

"Baba Bridget, mtaje huyo mtu," nilimwambia.

"Nikimtaja viza yake imekwisha. Ana watoto."

"Na wewe huna?"

"Mimi nina uraia, na mke mwenye digrii mbili." Akacheka. "Si utanilisha chaki, mwalimu?"

Sikucheka. Nilimwambia watu watasema.

"Waache waseme. Wewe usimtaje, Mama Bridget. Niahidi."

Nikamwahidi, nikidhani mambo yatanyooka baada ya mwezi mmoja au miwili.

Agosti alianza kukohoa. Alifariki katikati ya Septemba, na mimi nilimuaga kupitia simu iliyoshikwa na nesi. Kaburini tuliruhusiwa watu kumi. Wengine walifuata matanga kwenye skrini, na mchungaji akiwa katikati ya maombi mama mmoja akasahau kuzima sauti yake.

"Si huyu ndiye aliyeua mitambo ya watu?"

"Ndiye, dada. Na sikia wanavyomsifu!"

Bridget wangu, ambaye Kiswahili hukijibu kwa Kiingereza, siku hiyo alikielewa neno kwa neno. Akafunga kompyuta kwa viganja vyote viwili. Hadi leo hajaniuliza kama ni kweli, na hilo ndilo linaloniumiza. Ndiyo maana nimeandika haya.

Yule aliyezifunga tando kinyume alikuwa kwenye skrini ile ile. Nililiona jina lake. Alisikia, akanyamaza. Alituma shada kubwa kuliko yote.

Wapo watakaonipigia simu wakitaka jina. Wasijisumbue. Gitau alilinyamazia hadi kufa, nami nilimpa neno langu. Sitalitaja.