Nilimwambia Ashukuru Juu ya Ng'ombe, Sasa Anataka Kurudi Kwao

Watu wa hii page, mnifiche jina, huku Ikolomani tunajuana sana. Kitambulisho inasema niko na miaka sabini na tatu, lakini walikisia tu. Shule sikuenda, mimi naongea na mjukuu anaandika. Siku hizi silali, na si mguu inaniuma.

Wacha nianzie mbali. Miaka ya tisini mzee wangu alikuwa na dume ya kupigana, jina Tingatinga. Kwetu ng'ombe kama hiyo ni kama mtoto wa kwanza. Inatolewa Jumamosi asubuhi na ngoma ya isukuti na firimbi, watu wanakimbia mbele yake na matawi. Napia yake, ile nyasi ndefu ya ng'ombe, nilikatanga mimi, kitinda mimba wangu mgongoni. Inaletewa molasi kutoka kiwanda ya sukari. Inalala kwa mabati! Jikoni yangu ilikuwa nyasi, mvua ikikuja nafunika obusuma, ugali yetu, na karai. Na hiyo mwaka mvua ilinyesha, wee, hata kuku ya jirani ilibebwa na... aya, wacha nirudi.

Nikalalamika kwa jirani, kwa kisima, mpaka kanisani. Mama mkwe akaniita. "Mama Beti, mdomo ya kulalamika haichokangi, nyumba ndiyo inachoka. Kesho uanze kumshukuru Mungu juu ya hiyo ng'ombe."

"Nishukuru nini, mama? Vile imekanyaga sukuma yangu?"

"Wewe anza. Utajua ni nini."

Kesho yake niko kwa napia, nafinya meno, naomba kwa sauti. "Bwana Yesu, asante kwa Tingatinga. Asante ana nguvu. Asante ameshiba. Asante nyumba yake haivuji."

Kumbe mzee amesimama nyuma yangu. "Mama Beti, hiyo ni maombi ama ni kesi?"

"Ni maombi."

"Sasa mbona inanipiga mimi?"

Akacheka mpaka akakaa chini kwa umande. Jumatatu akatoa mabati mbili kwa Tingatinga akaweka jikoni yangu. Ng'ombe ikaanza kunyeshewa! Na napia mzee akakatanga mwenyewe mpaka alipozeeka. Tangu hiyo siku nikashika kushukuru, kwa chumvi, kwa kuni mbichi, kwa kikohozi ya mzee usiku. Kanisani wananiita Mama Asante.

Sasa ule mtoto wa mgongoni amekuwa mwanaume, na yeye amenunua dume. Bibi yake anakata napia, nyumba yao inavuja, mtoto wao anakohoa. Alinililia, nikampea dawa yangu ile ile: shukuru, mama. Na huyu msichana ni mtiifu, akashukuru. Mwaka mzima nikimsikia kwa napia.

Juzi akakuja kwangu na ndoo tupu, hakukaa. Ananiitanga kukhu, yaani nyanya, kama mtoto wake. "Kukhu, nikimuuliza juu ya mabati, unajua ananijibu nini? 'Si mama alikuambia ushukuru? Shukuru basi.'"

Hiyo neno ilinikata. Ni neno yangu, na kijana yangu amefanya fimbo.

"Shukrani yangu imeisha, kukhu. Ijumaa naenda kwetu Matete na mtoto."

Tangu hapo nazunguka tu. Naanza kuosha sufuria naiacha. Naanza kuomba, naishia kuuliza. Nikienda kwa kijana nimwambie auze dume, Mama Asante si atakuwa amerudi kulalamika? Na nikinyamaza, Ijumaa inafika.

Mungu nitamshukuru mpaka kaburi, hiyo siulizi. Lakini nawaza hata nikichuja chai: ile miaka, ni asante yangu ilitoa mabati, ama ni mzee wangu tu alikuwa na masikio?

Nyinyi mko wengi, na wengine mmeolewa. Niambieni kabla ya Ijumaa. Nimwambie huyu msichana nini, na mimi nifanye nini?