Jile la Mtoto Lilikuwa Moja

Juzi nilifungua kabati la kazini nikapigwa na harufu ya koti la mvua lililofungiwa likiwa bichi: plastiki, ukungu, jasho la watu wengi. Nikafunga mlango haraka. Mwenzangu alinicheka, nami nikajidai kucheka, lakini moyo ulikuwa umeshafika Rubona, kando ya ziwa, kwenye Jumapili moja nikiwa na miaka tisa. Jile, yale makoti ya kuelea majini, hunuka hivyo hivyo.

Mwaka ule Neema alikuwa akiishi kwetu Gisenyi. Alikuwa binti wa mama mdogo wa Goma, aliyemvusha mpakani vita vilipokaribia mjini kwao, akamkabidhi kwa mama yangu, akarudi kulinda nyumba. Tulikuwa rika moja. Alilala kitandani kwangu, akalia kitandani kwangu, na sitawadanganya, wiki ya tatu nilikuwa nimemchoka. Maji ya moto ya kuoga, yeye kwanza. Nikinung'unika, mama ananikata jicho.

Mama alisafisha vyumba katika hoteli moja ya ufukweni. Etienne, mwalimu wa hapo wa kayaki, ile mitumbwi myembamba ya wageni, alikuwa amemwahidi kututembeza siku moja, na mama aliona hiyo ndiyo dawa ya machozi ya Neema. Ilikuwa safari ya watu wasiojua kitu: kufuata ukingo wa ziwa hadi mto Sebeya unapoingia, kupanda mto kidogo pale palipotulia, kula mandazi, kurudi.

Etienne akaleta majile. La mtoto lilikuwa moja tu. Mama hakusita hata kidogo. Alimvalisha Neema, akamfunga vifungo vyote vitatu, akavivuta kuhakikisha. Mimi nikapewa la mtu mzima, likanifika magotini.

"Na mi, mama?"

"We umezoea maji. Acha maneno mingi."

Maji niliyoyazoea yalikuwa ya kwenye beseni.

Tulikaa watatu kwenye kayaki moja ndefu, Neema mbele, mimi katikati, mama nyuma, na Etienne pembeni katika yake. "Mupige pole pole, huku na huku, hakuna haraka!" alituambia. Makasia yetu yaligongana kila dakika. Neema akacheka, kwa mara ya kwanza tangu aje, na mama akacheka kwa furaha ya kumsikia. Hata kicheko hicho nilimwonea wivu.

Kwenye mdomo wa mto maji yalikuwa yamegeuka rangi ya chai ya maziwa. Sisi tulikuwa na jua, kumbe huko juu, Mahoko, mvua ilikuwa imenyesha. Etienne akapaza sauti: "Bon, leo hatupande! Tugeuke hapa hapa!" Tukaanza kugeuka, mkondo ukatupiga ubavuni, kayaki ikalala.

Jile langu lilipanda juu, nami nikabaki chini yake, mikono imenyooka, matope mdomoni. Nilifaulu kutoa uso mara moja. Mama alikuwa katikati yangu na Neema, mkono mmoja ungenifikia. Alinitazama machoni, hilo nina hakika nalo. Kisha akamgeukia Neema, aliyekuwa anaelea vizuri kabisa, akamkumbatia kwa mikono yote miwili.

Aliyenivuta ni Etienne, kwa ukosi wa gauni.

Ufukweni mama alinipapasa mwili mzima. "Mungu yangu, mutoto wangu, mutoto wangu." Nilijitoa mikononi mwake, nikatema matope. Sikumjibu kwa siku nyingi, na nadhani tangu siku hiyo kuna maneno fulani ambayo sijawahi kumwambia.

Miezi miwili baadaye tulimrudisha Neema mpakani. Mama mdogo alimgeuzageuza mbele ya watu wote, akamkagua mikono, shingo, miguu, na mama akasimama kando bila kupumua hadi alipoona dada yake anatabasamu. Mimi niliona ni maringo tu ya watu wa Goma.

Nilikuja kumuuliza mama habari ya siku ile nikiwa mtu mzima, tukichambua maharage uani. Hakujidai kusahau.

"Wewe ungekufa, mi ningelia mupaka kufa. Lakini we ni wangu, ningekulilia hapa kwangu. Ule mwingine? Ningeenda kumwambia dada yangu nini pale bariyeri ya mpaka?"

Vidole vyake havikuacha kuchambua. Alitupa kokoto moja kando, akasema, "Nilikuangalia kwanza. Uliona?"

"Niliona."

Hapo ndipo nilipojua kwamba lile jicho lilikuwa linaniomba radhi. Kumpoteza mtoto wa kupewa kulimwogopesha kuliko kifo cha mtoto wake wa kumzaa, na ndani ya sekunde ile alinichagua mimi, kwa kuwa nilikuwa wake, nibebe hasara. Nimemwelewa mama, na nampenda. Yule mtoto wa miaka tisa niliyekuwa ndiye nisiyeweza kumsemea. Yeye bado yuko majini, mikono juu, na mama yake anamgeuzia mgongo.