Kibuyu cha Mbegu za Maboga

Nimekizibua kibuyu cha bibi, na harufu ya majivu na masizi imenirudisha jikoni kwake. Alichanganya mbegu za maboga zilizobaki na majivu, akaziba mdomo wa kibuyu kwa mavi ya ng'ombe, akakitundika juu ya mafiga. Mwaka ule wa njaa nililia anikaangie walau kidogo.

"Nyamaza, mjukuu wangu. Mvua ikija tutapanda nini?"

Tukala mlenda mtupu, kibuyu kikining'inia juu yetu.

Mbegu bado ngumu, hakuna iliyotobolewa na wadudu. Nimetoka nazo mkononi hadi mlangoni. Shamba lote limekuwa maduara, mashimo ya wachimba dhahabu, na vifusi vya mawe hadi ukutani. Nimerudi ndani, nikabandika kikaango.