Wageni Weupe Kwenye Sanduku la Mende

Mende wangu si wale wa jikoni. Ni wakubwa, rangi ya kahawia, hawaruki, na ukiwashika wanatulia kiganjani. Rafiki niliyesoma naye Kibabii aliniachia alipohama, akidhani nitawalisha kuku. Kuku hawajaonja hata mmoja. Niliwatafutia sanduku la plastiki, nikatia udongo na majani makavu, nikaliweka kwenye baraza ya nyuma ya nyumba yetu hapa Kitale. Mke wangu alilalamika, kisha akazoea.

Wiki ambayo mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Myanga kumwona mjukuu, niliinua ganda la ndizi nililowawekea, nikakuta chini yake vitu vyeupe, vidogo kama chembe za chumvi, vinatembea.

"Hao ni utitiri," mke wangu akasema, akirudi nyuma na mtoto begani. "Wataingia kwa mtoto. Si umwage tu hiyo kitu, bana, kabla mama hajafika?"

Niliogopa kwamba ni kweli. Nilichemsha maji, nikasimama na sufuria mbele ya sanduku mpaka yakapoa.

Kwa mila zetu, mwanamume huepukana na mama wa mkewe. Humpi mkono, hamli pamoja, humtazami usoni. Tangu nioe, kila neno kati yetu lilipitia kwa mke wangu, hata tukiwa chumba kimoja. Kwa hivyo siku aliyofika, nilipomkuta ameinamia sanduku langu, nilisimama mlangoni nikakosa pa kwenda.

"Muulize baba mtoto," akamwambia binti yake bila kugeuka, "hizi nyeupe ni nini."

"Tunaona ni utitiri, mama."

"Utitiri hairukangi." Akapuliza udongo. Wale weupe wakafyatuka huku na huku kama mafuta ya moto kwenye kikaango.

Mimi sikuwa nimejaribu kupuliza. Alitoa mkobani kioo cha kukuzia, kile anachosomea Biblia tangu macho yalipofifia, akaangalia kwa muda mrefu. "Mwambie akuje ahesabu miguu. Mimi zinanichanganya."

Hakunipa kile kioo mkononi. Alikiweka ukingoni mwa sanduku, akasogea, nami nikakichukua. Miguu ilikuwa sita; utitiri ana minane. Nikamgeuza mende mmoja, nikakuta tumbo lake safi kabisa. Weupe walikuwa kwenye udongo na ukungu wa ndizi tu. Hapo nikakumbuka niliwahi kusoma habari za wadudu wa udongo wenye kimkia kilichokunjwa chini ya tumbo, ambacho kikifyatuka kinawarusha.

"Wanakula ukungu, mama," nikasema. "Hawaumi mtu. Wanawasafishia mende nyumba."

Ndipo nikagundua nimemwambia yeye mwenyewe. Mke wangu alinitazama mimi, akamtazama mama yake. Mama hakuinua macho kutoka kwenye udongo.

"Kumbe," akasema. "Sasa walitoka wapi?"

"Nafikiri walikuja na majani niliyookota chini ya miti, mama."

"Basi usiwamwage."

Alikaa nasi siku chache. Hatukula pamoja hata mara moja. Lakini asubuhi nilikuwa nikimkuta barazani, mjukuu mapajani, akipuliza udongo ili mtoto aone vinavyoruka.

Baada ya yeye kurudi kwake, simu ya mke wangu ililia jioni moja. Alisikiliza, akacheka, akaniletea. "Ati anakutaka wewe."

"Baba," sauti ya mama ikasema, "kuna kitu kwa maharagwe yangu ya mbegu. Ni nyeusi, ndogo, na sio ile ya kawaida. Utakuja lini?"

Jumamosi niliondoka Kitale mapema. Nilipofika Myanga, alikuwa ameshatandaza maharagwe juu ya gunia uani, na pembeni ameweka viti viwili, havikukaribiana sana, lakini vyote vimeelekea gunia.