Chupa ya Kijani ya Mpumudde

Mimi ni nesi wa kutembelea wagonjwa majumbani hapa Jinja, na mkamwana wa mzee mmoja wa Mpumudde nilimshuku tangu siku ya kwanza. Mzee ana saratani. Anakunywa morfini, dawa kali ya maumivu, ya maji, ya kijani, ambayo tunawapimia wagonjwa kwenye chupa za plastiki wanazokuja nazo wenyewe.

Juzi nilimkuta amelala fofofo, anapumua polepole mno. Huyu mwanamke anamzidishia dawa ili aepukane na usumbufu wa kumuuguza, nikawaza. Nikachungulia chini ya meza. Chupa nyingine ya kijani, imejaa.

"Hii umeitoa wapi?" nikamfokea mkamwana.

"Sokoni, sista."

"Morfini sokoni?"

Majirani walishajaa mlangoni. Morfini ni chungu na ulimi wangu unaijua, kwa hiyo nikapiga funda zima ili wote washuhudie.

"Hiyo ni sabuni ya vyombo," mkamwana akasema taratibu, kisha akatoa chupa ya mzee kabatini. "Dawa ni hii. Nampa kipimo kile ulichokiongeza wewe Jumatatu."

Nilitaka kujibu. Kinywani mlitoka povu tu.